Mwanafunzi Melini: Siku ya Tatu Mpe Jembe

Ahsante mwenyekiti. Wanaonijua wameshajua nitasema nini, na safu ya nyuma naona mmeanza kutabasamu. Naam, ni lile lile. Nitalisema mpaka nione meli ya utafiti inang'oa nanga na mwanafunzi wetu yumo kwenye ratiba ya zamu, si kwenye orodha ya wageni.

CTD, kile chombo cha kupimia chumvi, joto na kina cha bahari, siielezi. Humu ndani kila mtu ameichora kwenye mtihani, na lile shada la chupa za kuchotea maji linaloizunguka. Nauliza tu: wangapi mmeigusa ikiwa imelowa? Mmoja. Wawili. Wewe shusha mkono, ile ya maonyesho haihesabiki.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa mashariki ya Pemba, katikati ya kusi. Mimi mtoto wa mvuvi, nimekulia ngalawani, nikapanda ngazi ya meli kifua mbele. Haikutimia jioni, nimekumbatia ndoo. Ngalawa hupanda na wimbi ikashuka nalo. Meli inajinyonga, tumbo linabaki linauliza njia. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, mzee wa Lamu, akaniletea biskuti kavu. Akanambia, "Mwanangu, tazama kule mbingu inapokutana na maji. Miguu yako utaikuta tu."

Nilipopona, sikuwa na kazi. Nilipigwa picha na kofia ngumu, nikaambiwa nisimame mbali na winchi, nijifunze. Nijifunze nini, rangi ya sitaha?

Usiku wa tatu nikaamka mwenyewe, zamu ya saa sita mpaka saa kumi. Shada limetoka mita 1,000. Wenzangu wakalivamia, kwa sababu sampuli ya oksijeni huchotwa kwanza, kabla ya virutubisho na chumvi; hewa ikiingia chupani umeshapoteza, na kiputo kimoja tu kinatosha kuharibu. Wao wamevaa glavu, wanakimbizana. Mimi sina la kufanya, nikawa napitisha kiganja juu ya chupa, moja moja. Zilizofungwa chini ni baridi, zinatoka jasho kama soda ya friji, maana maji ya kina kile ni nyuzi 7 hivi, na juu ni 25. Nikafika kwenye chupa ambayo karatasi inasema imefungwa kule chini kabisa. Vuguvugu. Kavu. Nikaigusa tena.

Nikanyamaza.

Msinicheke. Mgeni haonji mchuzi wa mwenyeji akasema chumvi imezidi. Na mimi nilikuwa mgeni, nimeandikwa hivyo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Asubuhi majibu yakatoka: maji ya mita 1,000 yana oksijeni kama ya juu! Mabishano saa nzima. Mmoja analaumu kemikali, mwingine analaumu aliyepima. Mimi nipo pale pale, nakunywa chai. Kumbe kifyatuo cha ile chupa kiligoma chini, kikaja kufunga tulipokaribia juu. Vituo viwili vilikuwa vimeshapita, na meli hairudi kwa ajili ya chupa moja. Yale maji ya chini hatukuyapata tena.

Hapo ndipo wakubwa huniambia: mwalimu, siku moja ya meli ni fedha nyingi, mwanafunzi ataharibu. Ataharibu! Usiku ule waliokosea walikuwa na shahada mbili mbili, na aliyejua alikuwa ni yule asiye na kazi. Sisemi mumpe winchi, jamani. Wala sisemi aachwe peke yake na kemikali. Mpeni karatasi ya kumbukumbu: saa, kina, namba ya chupa, kipi kimegoma. Na mumwambie mbele ya watu wote kwamba karatasi hii ni yako, likikosekana jambo tutakuuliza wewe. Akiona kosa, mtamsikia anavyopiga kelele. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa fulana.

Na msiniambie meli hakuna. Meli ya utafiti Dr Fridtjof Nansen inazunguka bahari hizi tangu 1975. Ilipima maji yetu 1982 hadi 1983, na iliyopo sasa, iliyoanza kazi 2017, ni ya tatu kwa jina hilo. Jirani zetu Mombasa wana meli yao ya utafiti, Mtafiti. Mkondo wa Somalia unageuka na pepo, kaskazi huku, kusi kule, na sisi ndio tunaokaa mlangoni pake. Tusubiri nani aje atuhesabie?

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilikuwa na mambo mengine manne. La bima nitaliandika. La wasichana kunyimwa zamu za usiku "kwa usalama wao" linataka siku yake, na nikilianza leo hatutakula. La data kuondoka na meli, muulizeni mkuu wa idara, amekaa hapo, msimwache atoke.

Lile la kuogelea tu: wengi wenu mmetoka bara na mnaona haya kusema hamjui. Semeni. Hata mabaharia wapo wasiojua. Jaketi mtapewa, lakini mjifunze kulivaa gizani.

Karatasi ya kujiandikisha ipo mezani pale mlangoni. Nimefuta safu ya saizi ya fulana, nimeweka safu ya zamu. Ya saa sita usiku bado haina mtu.