Chembe Sahani Hujipima Zenyewe

Ndugu wasikilizaji, chembe sahani, yaani vile vipande vidogo vya damu vinavyosaidia kuigandisha, zikipungua mwili huzirudisha wenyewe; jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi, na nitaendelea kulisema maadamu wapo wazazi wanaokesha wakiikodolea macho namba moja ya maabara huku mgonjwa mwenyewe hawamtazami.

Mwaka 2019, homa ya dengi ilipoenea Dar es Salaam, baba mmoja alinijia na karatasi nne za vipimo zilizokunjwa katika mfuko wa shati. Chembe sahani za binti yake zilikuwa zimeshuka hadi 28,000 katika mikrolita moja ya damu, ilhali mtu mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000. Mkononi alishika chupa ya maji ya majani ya mpapai. "Daktari, tumpe nini zipande?" Nilimjibu kwamba dawa anayoitafuta, binti yake ameshaitengeneza mwenyewe. Kisha nikamuuliza mtoto amekojoa mara ngapi tangu asubuhi. Hakujua.

Dawa hiyo ni homoni iitwayo trombopoietini, iliyotambuliwa na makundi kadhaa ya watafiti mwaka 1994. Ini huitengeneza kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku, na chembe sahani zinazozunguka katika damu huinasa na kuimeza. Mfikirieni mama apikaye sufuria ileile ya wali kila siku: walaji wakiwa wengi, hakibaki kitu; wakipungua, wali unabaki. Homoni inayobaki hufika kwenye uboho wa mifupa na kuziamsha seli kubwa ziitwazo megakaryosaiti, ambazo huongeza vinasaba vyake maradufu, tena na tena, pasipo kugawanyika, kisha huchomoza nyuzi ndefu ndani ya mishipa ya damu, na nyuzi hizo hukatika zikawa chembe sahani kwa maelfu. Mwili hauhitaji mhesabuji mwingine, kwa kuwa uchache wa chembe zenyewe ndio unaoiacha homoni ifike ubohoni. Lakini seli hizo huchukua siku kadhaa kukomaa, na siku hizo hazikatwi kwa hofu ya mzazi.

Najua mtaniambia jirani alikunywa majani ya mpapai na kesho yake namba ikapanda. Nami nauliza: alikunywa siku ya ngapi ya ugonjwa? Katika dengi chembe hushuka zaidi kati ya siku ya 3 na ya 7, kisha hupanda zenyewe. Anayekunywa chochote siku ya 6 atakisifu siku ya 7. Hata kuongezewa chembe sahani kwa tahadhari tu, pasipo kuvuja damu, kulijaribiwa kwa watu wazima 372 huko Singapore na Malaysia, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba hakukuzuia kuvuja damu, bali kuliongeza madhara.

Muda umekwisha. Ila msimpe mgonjwa wa dengi aspirini: chembe sahani haina kiini, hivyo ikishalemazwa haiwezi kujirekebisha katika siku zake 7 hadi 10 za kuishi. Homa inaposhuka ndipo mwangalieni zaidi, maana ndipo maji ya damu huvuja nje ya mishipa. Akiumwa tumbo sana, akitapika mfululizo au akilegea, mkimbizeni hospitali hata kama namba imeanza kupanda.