Mshiriki Hupotea Siku Anayosajiliwa: Kuandikisha Wagonjwa wa Kifua na Moyo Kanda ya Ziwa

Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza kwa wauguzi, waganga wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaosaidia kuandikisha washiriki wa tafiti za tiba.

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni.

Utafiti ukikwama, lawama huangukia mwisho wake. Washiriki hawarudi, simu hazipatikani, mahudhurio ya mwezi wa 12 tangu kusajiliwa yamebaki nusu. Naomba leo tulitafute kosa mwanzoni. Mshiriki anayepotea mwezi wa 6, mara nyingi alishapotea siku ile alipoweka dole gumba kwenye fomu: hakuelewa alichokubali, au hakustahili kuwemo, au hatukuandika pa kumpata.

Tuanze na kustahili. Kwenye faili zetu za zahanati kila anayekoroma kifua huandikwa "pumu". Lakini huku kwetu kifua kina mengi. Kuna aliyetibiwa TB akapona, mapafu yakabaki na makovu. Kuna mama aliyebanika sangara kwa moshi wa kuni miaka 20. Kuna mchimbaji wa dhahabu aliyevuta vumbi la mawe. Na kuna ambaye mapafu hayana shida kabisa, moyo ndio umechoka, maji yamejaa kifuani, naye anakoroma vilevile. Huyu wa mwisho anaweza kutembea na pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, miaka na miaka bila nafuu ya maana. Kabla hujampeleka kwenye utafiti wa mapafu muulize: unalala na mito mingapi? Unashtuka usiku ukitafuta hewa? Viatu vinabana jioni? Akikubali mawili kati ya hayo, kwanza apate kipimo cha umeme wa moyo na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Na yeyote anayekohoa wiki 2 au zaidi, makohozi yake yapimwe TB kabla hajapuliza mashine yoyote. Akipuliza kwa nguvu ndani ya chumba kidogo, anaambukiza mpimaji na wanaosubiri kwenye benchi.

Sasa spirometa, kipimo cha kupuliza. Nitakaa hapa kidogo, maana ndicho kinachoamua nani anaingia na nani anabaki nje. Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine hupimwa kwa bomba la lita 3, na isome kati ya 2.91 na 3.09. Ikitoka nje ya hapo, usiendelee. Kagua mrija kama umevuja au kichujio kimeziba. Pima urefu wa mgonjwa bila viatu, usimuulize. Mashine hukokotoa kiwango kinachotarajiwa kwa umri, jinsia na urefu, na sentimita 5 za kukisia zinatosha kumtoa asiyestahili kutolewa. Mwenye mgongo uliopinda, pima upana wa mikono iliyonyooshwa.

Mgonjwa aketi wima, miguu sakafuni, pua ikiwa imebanwa. Avute hewa mpaka isiingie tena, abane midomo kuzunguka mrija, kisha apulize kwa kishindo na kuendelea mpaka iishe kabisa. Hapo ndipo unapomhimiza kwa sauti: "Toa, toa, toa, bado!" Mpimaji mpole aliyekaa kimya hupata matokeo mabaya. Tunataka mipulizo 3 inayokubalika, na miwili iliyo bora isipishane zaidi ya mililita 150. Ukifika mipulizo 8 bila kupata, acha. Amechoka, utampa siku nyingine. Halafu pampu ya salbutamol, mikupuo 4 ya maikrogramu 100, subiri dakika 15, rudia. Hewa ya sekunde ya kwanza ikigawanywa kwa hewa yote ikabaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa, njia za hewa zimeziba.

Kosa la hatari zaidi ni mgonjwa kukatiza mapema. Hewa yote inaonekana ndogo kuliko ilivyo, mgawanyo unapanda, na aliyeziba anasomeka mzima. Angalia mchoro: ukikatika ghafla kama ukingo wa meza badala ya kulala taratibu, huo umekatizwa. Kikohozi katika sekunde ya kwanza nacho kinaufuta mpulizo mzima.

Kuna mtego mwingine ambao hata wakongwe hunasa. Ili kipimo kiwe safi, mgonjwa huombwa asitumie pampu kwa muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kupimwa. Mwuguzi mwenye bidii humpigia simu jana yake: "Baba, kesho usivute pampu, njoo tukupime." Kama kipimo ni cha utafiti na baba bado hajatoa ridhaa, hapo umeshavunja utaratibu. Kumzuia mtu dawa yake kwa ajili ya utafiti ni sehemu ya utafiti. Ridhaa kwanza, hata kama itamaanisha aje siku mbili na alipwe nauli mara mbili.

Kipimo cha kutembea dakika 6 hakina mashine, na pengine kwa sababu hiyo hudharauliwa. Kinataka korido tambarare ya mita 30, alama kila mwisho, kiti cha karibu, saa. Mgonjwa hutembea kwa mwendo wake, akichoka anasimama lakini saa haisimami. Ukitumia korido ya mita 15 anageuka mara mbili zaidi, na kila kugeuka kunamla hatua. Umbali aliotembea ukibadilika kwa mita 30, huhesabiwa kuwa mabadiliko ya maana kwa mgonjwa wa mapafu. Ukimpima mwanzo kwenye korido ndefu, mwisho kwenye fupi, kwa sababu kuna mkutano umeziba ile ya kwanza, tofauti yote hiyo inaweza kuwa ya jengo, si ya dawa.

Kifaa cha kidoleni cha oksijeni nitakipitia haraka. Ondoa hina na rangi ya kucha, pasha kidole joto, subiri namba itulie. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo usishangae mtu mzima kusoma chini kidogo ya ndugu yake wa Tanga. Na mjue kuwa mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vifaa hivi huficha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Namba ikiwa ya mpakani na mgonjwa anahema, mwamini mgonjwa.

Tuje kwenye ridhaa. Utafiti wowote wa afya ya binadamu hapa nchini unahitaji kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na jaribio la dawa linahitaji pia kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa ana haki ya kuviona. Fomu unayomsomea iwe toleo lililopitishwa. Angalia namba ya toleo na tarehe chini ya ukurasa, maana fomu za zamani huwa hazikosekani kwenye droo.

Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye mmoja wetu. Dereva wa mradi si shahidi. Mshiriki anaweka dole gumba mwenyewe, shahidi anasaini na kuandika tarehe kwa mkono wake, na nakala inakwenda nyumbani na mshiriki. Bibi anayeelewa Kisukuma au Kikerewe vizuri zaidi asomewe kwa lugha hiyo, kwa tafsiri iliyopitishwa, si ile ya kubuni papo hapo.

Ukimaliza usiulize "umeelewa?" Watu wetu wana adabu, watasema ndiyo. Mwambie: "Mama, ukifika nyumbani mzee akikuuliza umeitiwa nini, utamwambiaje?" Kisha nyamaza. Akisema "nimepata daktari wa kunitibu bure", hajaelewa, rudi mwanzo. Kwenye jaribio la dawa lenye makundi mawili, kompyuta ndiyo inayopanga nani anaingia kundi gani, wala daktari hachagui. Mshiriki anaweza kupata kidonge kisicho na dawa ndani, juu ya matibabu yake ya kawaida, na huenda hata anayempa hajui ni kipi.

Wengi wetu tunaona aibu kulisema hili, kana kwamba tunamnyima mtu kizuri. Tusione. Wenye ugonjwa wa valvu za moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, ambao mapigo yao yamevurugika, hupewa warfarin ili damu isigande. Warfarin ina usumbufu: kupimwa damu kila mara, kuangalia chakula, kugongana na dawa nyingine kama rifampicin ya TB. Ikaja rivaroxaban isiyohitaji upimaji huo, na wengi waliiona ndiyo mkombozi. Jaribio liitwalo INVICTUS likawaandikisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, Afrika ikiwemo. Matokeo ya 2022: waliobaki kwenye dawa za jamii ya warfarin walikufa wachache zaidi, bila kutokwa damu zaidi. Aliyepangiwa dawa ya zamani ndiye aliyekuwa na bahati. Wenzetu wa Uganda nao waliandikisha watoto 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huo kwenye eko. Miaka 2 baadaye ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini kila mwezi, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Hapo dawa ilishinda. Kabla ya kupima, hakuna aliyeweza kuapa upande wowote.

Kuhusu damu, msikwepe. Maneno ya mumiani yangalipo, na kuyacheka hakuyaondoi. Chukua kichupa chenyewe na kijiko cha chai, mimina maji mbele yake: mililita 5, kijiko kimoja. Mwambie vitachukuliwa vichupa vingapi, vitapimwa nini, vitahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Kama sampuli itasafirishwa nje ya nchi, hilo limo kwenye fomu na lisemwe kwa mdomo.

Sasa kumpata tena. Namba moja ya simu haitoshi. Andika watu 3, mmoja asiyekaa nyumba hiyo. Andika jina la utani, maana mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hakuna anayelijua jina la kwenye kadi ya NIDA. Andika mwalo anaoshushia, mwenye mtumbwi, na kisiwa anachohamia samaki wakihama. Muulize pia nani aambiwe nini. Kuna ambaye mkewe hajui kuwa ana ugonjwa wa moyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikupi ruhusa ya kumtangazia kwa simu.

Kwa wavuvi wa dagaa, angalieni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanarudi nyumbani. Kwa hiyo mnamwandikisha wakati wa mbalamwezi, anafika kwa furaha, na mnamwekea miadi kila siku 28. Lakini mbalamwezi hurudi kila baada ya siku 29 na nusu. Kila miadi inasogea siku moja na nusu mbele ya mbalamwezi, na ikifika ya 10 au ya 11 mmeangukia giza totoro, yeye yuko majini. Mnamwandika "mtoro". Mratibu aombe mapema, kwenye itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, siku kadhaa za nafasi kabla na baada ya miadi, halafu apange kwa kalenda yenye mwezi. Sindano ya penisilini isiahirishwe kiholela. Kwa hiyo, mshiriki afuatwe kisiwani.

Wa Sengerema sasa wanapita daraja la Kigongo–Busisi, wamepumua. Wa Ukerewe bado wanategemea kivuko, na akichelewa vipimo vya mchana huenda akalala Mwanza. Nauli, chakula na malazi viwe kwenye bajeti na alipwe siku hiyo hiyo. Msimwambie "njoo mwisho wa mwezi". Hatakuja, na sitamlaumu.

Kwa nini napiga kelele hivi kuhusu wanaopotea? Kwa sababu hawapotei ovyo. Anayeshindwa kurudi ni yule aliyevimba miguu hata hawezi kupanda ngazi za kivuko, au aliyekufa na ndugu hawana namba yetu. Wakibaki wenye nguvu tu, dawa isiyofaa itaonekana inafaa.

Nimeletewa maswali mawili kwa karatasi. La kwanza: mshiriki akigongwa na bodaboda akalazwa, nalo ni la kuripoti? Ndiyo. Kulazwa, kwa sababu yoyote, ni tukio kubwa, na kwa kawaida itifaki hutaka taarifa ndani ya saa 24 tangu ulipojua. Huenda dawa ilimpa kizunguzungu akiwa anavuka barabara. Hilo si la wewe kuamua. Ndiyo maana atembee na kadi ya mshiriki yenye namba inayopokelewa usiku, ili daktari wa kituo cha afya aweze kujua alichokuwa anakunywa.

La pili: anayekataa tumfanyeje? Mwandikeni kwenye daftari la uchujaji bila jina: umri, jinsia, na sababu kama amependa kuisema. Kisha apewe tarehe yake ya kliniki, ile ile ambayo angepewa kama asingekutana nasi, na dawa zake za mwezi asisukumwe nyuma ya foleni.