Kanazawa: samurai juu, mfanyabiashara chini, lakini nani anamdai nani?

Habari zenu, watu wangu wa nyumbani. Leo nipo Kanazawa, Japani, mtaa wa Nagamachi, walikokaa samurai, yaani wapiganaji, wa ukoo wa Maeda. Oneni huu ukuta wa udongo, juu umeezekwa vigae. Kipupwe wanauvalisha mikeka ya majani makavu ili theluji isiubomoe.

Wengi mnaniuliza habari za mapanga. Mimi leo nataka tuongee mchele. Japani ya watawala wa Tokugawa, 1603 hadi 1868, ukubwa wa mtu ulipimwa kwa koku. Koku moja ni kama kilo 150 za mchele, chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Mwenye eneo linalokadiriwa kutoa koku 10,000 ndiye daimyo, bwana wa jimbo. Maeda wa hapa walivuka milioni, hakuna daimyo mwingine aliyewafikia. Nyumba hii nyuma yangu ni ya familia ya Nomura, maofisa wao, wa koku zaidi ya 1,000.

Tusogee kidogo. Hii sasa ni nyumba ya ashigaru, askari wa miguu. Paa la mbao limekandamizwa kwa mawe, ukuta wa udongo hakuna, ni ua wa miti tu. Na huyu naye alihesabiwa upande wa wapiganaji!

Mpangilio mnaousikia ni samurai, mkulima, fundi, halafu mfanyabiashara mkiani. Mkulima wa pili kwa sababu analisha nchi. Heshima ya mdomoni hiyo, maana kodi ilibeba sehemu kubwa ya mavuno yake. Mpaka wenyewe hasa ulikuwa kati ya samurai na wengine wote, na aliyeukaza ni Toyotomi Hideyoshi, aliyetawala kabla ya hao Tokugawa. Mwaka 1588 aliwanyang'anya wakulima silaha, 1591 akapiga marufuku watu kuhama tabaka. Na yeye mwenyewe alizaliwa familia ya hali ya chini! Alipokwisha kupita, akafunga mlango.

Sasa shida ikaja hapa. Samurai anakaa mjini, halimi, mshahara wake mchele. Utanunuaje kimono kwa gunia? Kule Edo, Tokyo ya leo, mtaa wa Kuramae, kulikuwa na madalali walioitwa fudasashi. Wanamchukulia samurai mchele wake ghalani, wanauuza kwa niaba yake, wanakata chao. Akikwama wanamkopesha, dhamana ni mchele wa msimu ujao, ambao bado uko shambani. Kausha damu yenyewe hiyo, jamani. Ikafika 1789 serikali ikafuta madeni ya zamani ya samurai wake. Madalali wakafanya nini? Wakagoma kukopesha. Wenye mapanga mawili kiunoni wakabaki wanahangaika.

Serikali nayo ilikuwa ikiwakomoa matajiri. Osaka, 1705, tajiri wa ukoo wa Yodoya alifilisiwa mali yote, kosa lake anaishi kifahari kupita hadhi yake. Wafanyabiashara wakakatazwa kujionyesha kwa mavazi ya fahari, basi wakashona nje pamba, bitana hariri. Mji mzima unajua, askari hana cha kushika.

Nirudi kwa Nomura, maana hapa ndipo nilipocheka. Watalii wanapiga picha kile chumba cha heshima wakidhani ndivyo samurai walivyoishi. Chumba kile hakikuwa cha Nomura! Kilijengwa na tajiri mwenye meli, kwenye jimbo la jirani, ili ampokelee bwana wake. Enzi ya Tokugawa ilipokwisha, samurai wakapoteza vyeo na nyumba ya Nomura ikavunjwa, chumba cha mfanyabiashara kikahamishiwa hapa.

Chini ya hao wote walikuwepo watu ambao hata mkiani hawakuwekwa: wachuna ngozi, waondoa mizoga. Sheria ya 1871 iliwafanya raia kama wengine. Lakini 1975 iligundulika kwamba kampuni zinanunua kwa siri kitabu chenye orodha ya mitaa yao, ili zijue mwombaji kazi ametokea ukoo gani. Mwaka 1975, ndugu zangu, si enzi za mapanga! Hilo haliwezi kuingia kwenye dakika mbili zilizobaki. Nitalirekodia Osaka, wekeni maswali hapo chini mapema, na nyie mnaoishi huko mnijuze nianzie mtaa gani.