Kanisa ya mbao ya miaka zaidi ya 900, mafundi ya Goma kuyeni muone

Bandugu ya Goma, jambo sana! Leo niko Greensted, kakijiji ka Essex hapa Uingereza, na ile munaona nyuma yangu njo kanisa ya Mutakatifu Andrea, na kuta zake ni za mbao, mbao kabisa, za miti yenye ilikatwa kisha mwaka 1060, bataalamu balihesabu ile miviringo ya ndani ya mti njo bakajua. Sisi benye tulikomaa mu nyumba za mbao kule Birere na Majengo tunajua mbao inaozaka namna gani, mvua ya miaka kidogo tu na chini inaanza kubomoka. Sawa, hii haikuonaka volkano ya Nyiragongo, ile hatubishane.

Ngoja nisongeze kamera. Banapasula gogo katikati, upande wa mviringo unabaki inje, ule wa bapa unaingia ndani, kisha kati ya gogo na gogo banachonga mufereji na kupachika kipande chembamba cha mbao ili upepo usipite. Madirisha hakukuwa, hizi za ku paa zilikuya kisha.

Sasa angalieni chini, hapa njo mambo iko. Briki! Mu miaka ya 1848 na 1849 mafundi balikuta miguu ya magogo imeoza, bakaikata, bakasimamisha yote juu ya briki. Papa fundi yeyote wa Majengo mwenye anaanzaka na fondasio ya mawe ya volkano angebaambia ile bure!

Ndani ni kadogo na giza-giza. Ile mimbari ni ya 1698, kengele mu munara mweupe ni ya 1618, na upande wa altare ni briki za karibu 1500. Banasema mwili wa Edmund, mfalme wa zamani wa East Anglia hapa Uingereza, mwenye baliuwa mu 869, ulilala hapa 1013 bakiurudisha Bury St Edmunds. Na hii katundu ku ukuta, hadisi ni kwamba bagonjwa ba ukoma balipokelaka baraka kupitia hapa, lakini mi naamini zaidi benye banasema ilikuwa mahali ya maji ya baraka tu, katundu kenyewe ni kadogo mno.

Mafundi benye munatumia mbao ya libuyu, niambieni mu komanteri: kati ya jiwe na mbao ya kwanza munawekaka nini ili maji isipande?