Pimeni Uzi Kabla ya Kupima Begi

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu habari za jioni. Waliokwisha kunisikia nikilizungumza jambo hili, kwenye viwanja vya kanisa au nyuma ya jukwaa la hoteli, wana ruhusa yangu ya kuangalia simu zao kwa dakika kumi za mwanzo, kwa sababu kisa ni kilekile. Nimeombwa nieleze mpiga besi ya kusimama, ile fidla kubwa kuliko zote inayozidi kimo cha mtu, achukue chombo gani anapotoka hapa Arusha kwenda kupiga mbali. Jibu langu halijabadilika: kabla hujauliza chombo kinaingia kwenye begi gani, pima urefu wa uzi wake, kutoka kichwani mwa shingo hadi darajani, yaani kwenye kile kibao kinachoziinua nyuzi juu ya kifua cha chombo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Unguja kupiga taarab kwenye harusi. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba kikundi kina besi yake, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba sipigi besi ya mtu. Alfajiri nikawa stendi na besi yangu ndani ya mfuko mweusi unaonipita kimo. Utingo aliuzunguka mara mbili, akauliza kama utalipiwa kama mtu au kama mzigo, na tukakubaliana kwamba utalipiwa kama mtu na utalala kama mzigo. Tulipofika Moshi buti likafunguliwa, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri kupanda akauona ule mfuko mrefu mweusi, akanijia dirishani na kuniambia, “Poleni sana, mwanangu.” Nikamshukuru, kwa kuwa maelezo yangetufikisha Same. Kisha mikungu ya ndizi ikapangwa juu ya marehemu.

Niliposhusha mfuko Dar es Salaam, nilisikia kitu kikigonga ndani: ko, ko, ko. Naona wapiga besi mmekwisha kucheka. Kwa wengine nieleze kwamba ndani ya besi kuna kijiti kinachosimama kati ya uso na mgongo, ambacho hakigandishwi kwa gundi, bali kinabanwa tu na uzito wa nyuzi zinazokandamiza daraja. Kijiti changu kilikuwa kimeanguka. Hilo lingetengenezeka kwa nusu saa, lakini shingo nayo ilikuwa imeachia pale inapoungana na kifua, na hapo hakuna fundi wa nusu saa. Nikavuka bahari mikono mitupu, nikafika na kuambiwa kwamba ile besi ya kikundi, niliyoikataa, imekwenda Pemba.

Wakaniazimia gitaa la besi. Mtu akaniambia nisihofu, kwa maana nyuzi ni zilezile nne, E, A, D na G, tena lina freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo kuonyesha mahali pa kila sauti, kwa hiyo kukosea haiwezekani. Sikilizeni basi hesabu ya usiku ule. Uzi wa besi yangu una sentimita 105, na kwenye uzi wa urefu huo toni moja ya kwanza, yaani hatua ya sauti kama ya kutoka do hadi re, kutoka kichwani mwa shingo iko umbali wa karibu sentimita 11 na nusu. Mkono wangu wa kushoto unaujua umbali huo kuliko unavyoijua njia ya kurudi nyumbani. Uzi wa gitaa la besi la kawaida una sentimita 86, na toni hiyohiyo iko kwenye sentimita 9 na kidogo. Kila mkono ulipokwenda mahali ulipozoea, kidole kiliivuka freti ya pili na kubonyeza nyuma ya ile ya tatu, na badala ya toni moja ikatoka toni moja na nusu. Freti zilinikosesha kwa usahihi kabisa. Mpiga kanuni, kile chombo cha taarab chenye nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa, aliniangalia mara moja tu, na mara hiyo moja ilitosha.

Najua mtaniambia kwamba wapo wanaopiga vyombo vyote viwili bila taabu. Wapo, na ninawaheshimu, lakini waulizeni wameshika kila kimoja kwa miaka mingapi. Gitaa la besi ni chombo kamili chenye ufundi wake, na Mmarekani Leo Fender alipolitoa mwaka 1951 alikuwa akijibu kilio hikihiki cha kubeba besi kubwa. Kosa ni kulichukua siku ya safari, ukidhani ni besi yako iliyopungua mwili.

Kuna chombo kidogo zaidi, besi ya ukulele, chenye nyuzi nene laini kama mpira na urefu wa sentimita 50 na ushei, kinachoingia hadi kwenye kabati la juu la ndege. Nitakisifu, maana kikiunganishwa na spika hutoa sauti iliyo karibu mno na ya besi ya kusimama, kwa sababu nyuzi zile huvuma kidogo na kunyamaza mapema. Lakini pimeni: toni nzima humo ni sentimita 6 hivi, sawa na nusu toni yenu. Atakayekichukua ajue anajifunza chombo kipya, na ajifunze nyumbani, si harusini.

Mwingine atasema tuazime hukohuko tuendako. Baada ya yaliyonipata sina tena kiburi cha kukataa, na Unguja besi za taarab zipo, zikiwa hazijasafiri. Ila nazo hutofautiana kwa sentimita mbili tatu, kwa hiyo ukifika anza kwa kupima.

Walionifundisha jambo hili vizuri kuliko wote ni wapiga kidumbak, ule muziki wa Unguja ulio ndugu wa taarab. Besi yao wanaiita sanduku: ni sanduku lililofunikwa, mti mmoja na uzi mmoja, na mpigaji hupandisha na kushusha sauti kwa kuuvuta na kuulegeza mti. Angalieni walivyogawa kazi. Kinachohitaji mkono uliofunzwa ni mti na uzi. Sanduku ni la kutoa sauti tu, na sanduku halikosekani popote. Kwetu sisi shingo na nyuzi ndizo za kubeba, na kifua kile kikubwa kibaki nyumbani, kwa sababu spika tutaikuta hukohuko. Hiyo ndiyo besi ya umeme ya kusimama, ambayo ina shingo ya urefu kamili, daraja lenye mgongo uliopinda, mwili mwembamba kama ubao, na pikapu, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika, mahali pa kifua. Kampuni ya Ampeg iliuza ya plastiki miaka ya 1960, ndogo kwa kifua lakini ndefu kwa uzi, na wapiga salsa wakaishikilia. Siku hizi kampuni za Yamaha na NS Design zinatengeneza za kwao. Nyingi hazifiki kilo 10. Ni hiyo ninayosafiri nayo, na mkono wangu haujui kama tumetoka nyumbani.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitakimbia. Besi halisi yenye shingo ya kufunguliwa ni nzuri kwa anayekaa wiki nzima mahali pamoja, lakini kumbukeni kile kijiti, kwa kuwa nyuzi zikilegea nacho huanguka, na lazima ujue kukisimamisha mwenyewe. Kuhusu ndege, mashirika mengi hayapokei mzigo mmoja unaozidi kilo 32, na sanduku gumu la kusafirishia besi hula sehemu kubwa ya kilo hizo. Ndege ndogo za mbugani kwa kawaida ni kilo 15, tena kwenye begi laini, kwa hiyo msijisumbue. Upinde hufanya kazi kwenye daraja lenye mgongo, si kwenye gitaa ambalo nyuzi zake zimelala karibu usawa mmoja. Habari ya amplifaya nilitaka kuisema kwa urefu, na ya umeme kukatika katikati ya mkesha pia, lakini tuziache.

Futi kamba ninayo mfukoni. Yule kijana wa nyuma aliyekuja na besi ailete hapa mbele, na wawili wamsaidie kuipitisha mlangoni.