Sheria ya GMO kwenye shamba la nusu ekari

NEEMA: Karibuni tena, tupo Dar es Salaam. Kaka Rama, tuanze na lile la kila siku: mkulima wa Tanzania anaruhusiwa kupanda GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba?

RAMA: Haruhusiwi. Kanuni za mwaka 2009 zilimbebesha mwenye teknolojia dhamana ya madhara yote, hata kama hakufanya uzembe. Watafiti wakakaa pembeni. Zikalegezwa 2015, majaribio ya mahindi yakaanza Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016. Novemba 2018 Serikali ikayasimamisha.

NEEMA: Na ubishi wetu huishia hapo hapo, ruhusu au kataza. Mimi naona kazi ni siku ukiruhusu. Shambani atasimamia nani?

RAMA: Ndiyo. Chukua mahindi ya Bt, yaliyobadilishwa vinasaba yatengeneze protini ambayo ni sumu kwa funza wa mabua. Ukipanda shamba zima, wanaosalimika ni wachache walio sugu, na watazaliana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana Afrika Kusini mkulima anatakiwa kutenga asilimia 5 ya shamba kwa mahindi ya kawaida yasiyopuliziwa dawa ya wadudu, au 20 yakipuliziwa. Nondo, yaani funza waliokomaa, wanaotoka kwenye kipande hicho wanapandana na wale sugu, usugu unachelewa.

NEEMA: Kwa nusu ekari, hiyo asilimia 5 ni kama mita 10 kwa 10. Haya, mwambie mama mwenye nusu ekari awaachie funza hizo hatua zote, bila hata kupulizia!

RAMA: Wenye mashamba makubwa wenyewe wengi hawakutenga. Mwaka 2007 ikaripotiwa huko huko kwamba funza aitwaye Busseola fusca ameshaizoea MON810, mojawapo ya aina za mahindi ya Bt.

NEEMA: Basi si mbegu za Bt na za kawaida zichanganywe kwenye mfuko mmoja, mkulima asitenge chochote?

RAMA: Inapunguza usimamizi, ila funza wanahama. Akianza kwenye bua la kawaida, akakua, halafu akahamia la Bt, sumu haimmalizi. Tena mahindi huchavushwa na upepo. Jirani akihifadhi mbegu kutoka kwenye magunzi yake, msimu ujao ana shamba lenye mchanganyiko ambao hakuna aliyeupima.

NEEMA: Na kupima kwenyewe?

RAMA: Hicho ndicho rahisi. Unasaga kipande cha jani kwenye kichupa chenye kimiminika chake, unatumbukiza karatasi ya kipimo, unasubiri dakika 5 hadi 10. Mistari miwili, protini ipo. Ukitokea ule wa uhakiki peke yake, haipo. Usipotokea hata huo, kipimo kimeharibika, rudia.

NEEMA: Kwa hiyo mkaguzi apewe boksi la karatasi hizo tu?

RAMA: Hapana! Kila karatasi inatafuta protini yake. Ukiwa na ya Cry1Ab pekee, ile protini ya MON810, mahindi ya kuhimili dawa ya magugu yatapita hivi hivi. Kabla ya kuagiza, pata orodha ya mbegu zilizoidhinishwa au zinazojaribiwa nchi jirani, halafu nunua kipimo cha kila protini iliyomo. Kenya waliondoa katazo lao Oktoba 2022, anzia huko.