Moto Uliokwisha Kulipiwa: Matofali Yaliyotumika na Hesabu ya Mazingira

Ndugu wahandisi, mafundi, wanafunzi, na ninyi mnaojisimamia ujenzi wenu wenyewe, karibuni. Nitaanza na hesabu, maana mada hii ikianza na sifa huwa haifiki kwenye hesabu.

Tofali la kuchoma la milimita 215 kwa 102.5 kwa 65 lina uzito wa kilo 2.3 hivi. Kulitengeneza jipya, kuanzia kuchimba udongo hadi kulitoa tanurini, huachia hewani takribani nusu kilo ya hewa ukaa. Hapo nazungumzia kiwanda cha kisasa chenye tanuri la handaki linalotumia gesi. Tanuri la kupanga na kuwasha, lisilohifadhi joto, hula zaidi, wakati mwingine zaidi sana. Udongo hauwi tofali mpaka upate joto la kati ya nyuzi 900 na 1100 za Selsiasi. Katika joto hilo madini yake hushikamana, na maji hayawezi tena kuyarudisha kuwa tope. Ukuta ukibomolewa miaka 80 baadaye, kazi ya moto ule bado imo ndani ya tofali. Atakayelitumia tena hatalipia moto mwingine.

Kuna wanaosema tusubiri matanuri yatumie umeme safi, tatizo litakwisha. Litapungua, naam, lakini udongo mwingi una madini ya chokaa ndani yake, na moto ukiyafikia huitoa hewa ukaa iliyofungwa humo hata kama moto wenyewe hauna moshi. Na shimo la udongo litabaki palepale: matofali 1,000 yanataka karibu tani 3 za udongo mbichi.

Sasa tuweke ukuta mbele yetu. Mita moja ya mraba ya ukuta wa nusu tofali, yaani wenye unene wa milimita 102.5, inakula matofali 60. Hizo ni kilo 30 za hewa ukaa kwa matofali peke yake. Jengo lenye mita za mraba 150 za ukuta wa namna hiyo linataka matofali 9,000: tani 4.5 za hewa ukaa na tani 27 za udongo. Hicho ndicho kiasi kinachookolewa ukitumia matofali yaliyokwisha kutumika, kabla hatujatoa gharama za kuyapata.

Mtu atauliza: si tunayaponda kuwa kifusi cha kujazia msingi, nayo si ni kutumia tena? Hapa hesabu ni kali. Tani moja ya matofali mapya ina zaidi ya kilo 200 za hewa ukaa. Tani moja ya kokoto za kawaida, ambazo kifusi kile kinachukua nafasi yake, ina kilo chache tu, kama 5 hivi. Kwa hiyo anayeponda tofali zima anaokoa sehemu ndogo mno ya kile alichokuwa nacho mkononi. Sheria za taka zenyewe hazisaidii sana. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 kuhusu taka yanaweka kutumia tena juu ya kurejeleza, vizuri kabisa. Lakini lengo lake la asilimia 70 kwa taka za ujenzi, lililopaswa kufikiwa mwaka 2020, linahesabu pamoja kutumia tena, kuponda na hata kujazia mashimo. Mwenye mashine ya kuponda anapata alama sawa na fundi aliyesafisha tofali mojamoja. Kwa maoni yangu hilo ndilo limefanya matofali mazuri mengi yaishie chini ya barabara.

Lakini na sisi tunaoyapenda matofali haya tusijidanganye. Faida ipo pale tu tofali la zamani linapochukua nafasi ya tofali jipya. Ukijenga ukuta kamili wa bloku za saruji, halafu ukabandika matofali ya zamani mbele kwa ajili ya sura, hujaokoa chochote. Umeongeza ukuta wa pili, na mota yake (mchanganyiko unaounganisha matofali), na lori lake.

Nimetaja mota, na hapo ndipo ningependa tukae, maana mota ndiyo inayoamua kama tofali litaishi mara moja au mara tatu.

Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, lakini ilichukua hadi karne ya 20 kutawala kazi za kawaida za kuta. Kabla ya hapo matofali yaliunganishwa kwa chokaa na mchanga. Mota ya chokaa ni laini kuliko tofali. Ukuta ukicheza, ufa hupita kwenye kiungo. Ukibomoa, mota hubanduka na tofali hutoka zima. Mota kali ya saruji hufanya kinyume: hushika kuliko tofali lenyewe linavyojishika, na ukilazimisha, linalovunjika ni tofali. Ndiyo maana jengo la mwaka 1900 mara nyingi ni ghala la matofali, na jengo la mwaka 1970 ni rundo la kifusi linalosubiri siku yake.

Kabla ya kuahidi lolote kuhusu jengo linalobomolewa, kwangua viungo kwa msumari. Mota ikichimbika na kumwaga unga, ni chokaa. Msumari ukiacha mchirizi tu, ni saruji. Kwangua sehemu nyingi, na uzame ndani milimita 30 au zaidi, kwa sababu kuta nyingi za chokaa zilizibwa viungo upya kwa saruji upande wa nje, na milimita 20 za mwanzo hudanganya.

Ukikuta saruji tupu, bado kuna njia, ingawa ni ya gharama. Katika mradi wa Resource Rows jijini Copenhagen, uliokamilika mwaka 2019, wasanifu wa kampuni ya Lendager walikuta kuta za kiwanda cha zamani cha bia cha Carlsberg zisizoweza kusafishwa tofali kwa tofali. Wakazikata kwa msumeno vipande vya takribani mita moja ya mraba, na vipande hivyo vikawa sura ya nyumba mpya. Msumeno na winchi vina moshi wao, lakini tanuri halikuwashwa.

Tuje kwenye kubomoa. Ukuta unaoangushwa kwa mashine umekwisha kupoteza kona zake kabla haujafika chini. Ondoa kwanza paa, mbao, nyaya na lipu, kisha teremka kozi kwa kozi, yaani safu moja ya matofali baada ya nyingine, kutoka juu, kwa mtarimbo na nyundo, ukiteremsha matofali kwa ndoo na kapi. Usiyatupe. Na hili lisisahaulike: tenganisha mirundo tangu ukutani. Waashi wa zamani walijua kwamba katikati ya tanuri huiva na pembeni hubaki nusu bichi. Yaliyoiva waliyaweka nje panaponyesha, yale hafifu wakayaficha ndani ya unene wa ukuta, mahali pakavu, ambako yamekaa salama miaka yote. Ukiyachanganya yote kwenye rundo moja, umeharibu mpangilio ambao wao waliufanya kwa macho. Msimu wa mvua wa kwanza, au baridi ya kuganda kwa nchi zenye baridi, yale hafifu yaliyopanda nje yataanza kumeguka uso. Dosari hii huonekana mara kwa mara, na lawama humwangukia muuzaji wakati kosa lilifanyika siku ya kubomoa.

Matofali ya dohani yapewe rundo lake, nitarudi huko. Ya zizi la wanyama pia, kwa kuwa yamenyonya chumvi ambazo zitachanua nyeupe ukutani miaka na miaka.

Kusafisha ni tindo bapa na nyundo, tofali likiwa limelazwa juu ya mchanga, ukipiga sambamba na uso wake na si kuelekea ndani. Nyunyiza maji kidogo kuzuia vumbi. Vumbi hili lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo barakoa ya daraja la FFP3 si pambo. Asidi usiitumie, inakula tofali na kuacha chumvi nyuma. Kupuliza mchanga kwa mgandamizo ni kubaya zaidi, kwa kuwa kunaondoa ngozi ngumu iliyotengenezwa na moto na kufungua tumbo laini. Kisha pangia juu ya mbao, mbali na ardhi, na ufunike.

Kupima. Gonganisha matofali mawili makavu: lililoiva hulia, bichi hutoa mshindo mzito. Kwangua kwa msumari. Hivyo viwili vinachuja rundo, lakini havitoi namba. Namba ya kwanza unaweza kuipata mwenyewe: kausha tofali kwenye oveni mpaka uzito usipungue tena, lipime, lizamishe majini saa 24, lipanguse, lipime tena. Tofali la kilo 2.20 likiwa kavu na kilo 2.57 likiwa limeshiba limenyonya asilimia 16.8. Linalozidi 20 lisiende nje. Namba ya pili, nguvu ya kubeba, ni ya maabara: peleka angalau matofali 10 kutoka kila rundo, na kama ukuta utabeba sakafu, mhandisi aangalie lililo dhaifu kuliko yote, asiridhike na wastani. Tofali jipya huja na cheti cha kiwanda, la zamani halina.

Jaribio la mwisho ni la siku ya kujenga. Chora duara la milimita 25 kwenye uso wa kulalia mota, dondoshea matone 20 ya maji. Yakimezwa kabla ya sekunde 90, tofali lina kiu mno na litanyonya maji ya mota kabla haijashika. Lowesha, acha uso ukauke, ndipo ujenge. Matofali yaliyotumika yana shida nyingine ya ziada: vinyweleo vya uso vimezibwa na chembe za chokaa ya zamani, kwa hiyo mota mpya haishiki kama kwenye tofali jipya na maji hupenya kwenye kiungo kwa urahisi. Dawa yake ni kwangua vizuri, jaza viungo vyote bila kuacha mapengo, na mpe ukuta paa lenye upenu mpana.

Mota gani? Watu wengi hukosea hapa kwa nia njema, wakidhani tofali la zamani linahitaji mota kali. Tazama namba. Ukuta wa nusu tofali wenye viungo vya milimita 10 unakula lita 17 za mota kwa mita ya mraba, bila upotevu. Matofali ya zamani hayalingani, kwa hiyo fundi hunenepesha viungo. Vikifika milimita 15, mota inakuwa karibu lita 25. Kwa mchanganyiko wa 1:3, saruji moja kwa mchanga tatu, hizo ni kilo 11 na nusu za saruji, yaani karibu kilo 10 za hewa ukaa katika ukuta ambao matofali yake, yaliyopungua kwa sababu ya viungo vinene, yameokoa kilo 27 hivi. Tumia 1:2:9, saruji, chokaa na mchanga, na saruji inashuka hadi kilo 4 hivi. Hata ukiongeza moto wa kuchoma chokaa yenyewe unabaki kwenye kilo 5 au 6, na sehemu ya hewa ile chokaa huirudisha ndani yake kadiri inavyokauka na kukomaa. Afadhali zaidi, panga matofali kwa unene katika makundi mawili au matatu kabla ya kuanza, ili kila kozi itoke kwenye kundi moja na viungo virudi kwenye milimita 10 hadi 12. Si kazi ngumu, na karibu hakuna anayeifanya.

Ukishatumia 1:3, zaidi ya hayo, umefunga mlango kwa atakayebomoa baada yako.

Kuhusu usafiri, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Lori kubwa lililojaa hutoa takribani kilo 0.1 ya hewa ukaa kwa kila tani kwa kila kilomita. Matofali 1,000 ni tani 2.3 na yameokoa kilo 500. Hata lori likirudi tupu, itabidi lisafiri kama kilomita 1,000 kabla ya kula faida yote. Pikapu inayokwenda na kurudi na matofali mia nne ni hesabu nyingine. Kilomita mia chache zinatosha kuimaliza. Agiza yote kwa mara moja, na uongeze asilimia 10 hadi 15 kwa yatakayokataliwa, badala ya ile 5 iliyozoeleka kwa matofali mapya.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: matofali yenye rangi je? Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, kwa hiyo usizikwangue kavu wala kuzichoma. Kama uso mmoja tu umepakwa na rangi haimo kwenye uso wa kulalia mota, geuza tofali, uso uliopakwa ubaki ndani ya ukuta.

Na yale ya dohani niliyoahidi. Masizi yamezama ndani pamoja na salfa ya moshi. Kwa macho tofali linaonekana safi, ila ukilipiga lipu, unyevu wa lipu huyavuta masizi na baada ya miezi doa la kahawia hutokeza, ukipaka rangi hutokeza tena. Yatumie kwenye njia za bustani kama yameiva, kwenye kuta zisizopigwa lipu, au kwenye dohani nyingine.